Maji Yaliyovaa Nguo

Mitunda, njia ya Lusangi, 14 Februari 1954

Yaya Anastasie,

Kabla ya salamu naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Padri. Dawa ya maji ambayo Sista Godeliva alinikabidhi siku nilipoaga shule, naitia kwa kujificha. Aliniagiza niitie kila asubuhi mbele ya wanawake, niwaeleze ni ya kazi gani. Mimi naamka kabla yao, naitia, nafunika mtungi, naondoka kama mtu aliyeiba yai. Wakiniuliza, "Marcelline, harufu hii ni ya nini?" nasema sijui.

Unanijua, dada yangu mkubwa wa shule. Darasani nikitajwa jina tu, magoti yaligongana, na wewe uliyekuwa katika darasa la wakubwa ulikuwa ukinikonyeza kutoka dirishani ili nisilie. Hapa wote ni mama za watu. Nitasimamaje mbele yao niwafundishe kunywa maji?

Nikueleze kidogo mahali penyewe, maana hujafika. Nyumba ya wazazi ya misheni ina vyumba viwili na paa la manjanja, yaani mabati. Wanawake wanaokaribia kuzaa huja na mikeka yao wakangoja hapa, chini ya mkunga wetu, Mama Cécilia. Mimi nafagia, nafua vitambaa, na najaza mtungi wa maji ya kunywa. Kijiji chote kinakunywa maji ya kijito Kamilembe. Kijito hicho kinatoka katika kinamasi cha msituni, na maji yake ni mekundu kama chai isiyo na maziwa. Sista hakuyataka, kwa sababu huko juu ndiko mihogo inakolowekwa. Ndiyo maana tulijengewa tangi la kukusanya mvua ya paa, na juu yake nikapewa chupa ya javeli, dawa ile ile ya kung'arisha tuliyofulia vitambaa vya altare.

Sasa sikia kinachonisumbua. Nikijaza mtungi asubuhi, maji ni meupe kabisa, unaona hadi chini. Jua likifika juu, yamekuwa mekundu. Na harufu ya javeli imekwisha kabisa. Mama Cécilia alisema ni majani yaliyoangukia kwenye paa. Nikapanda, nikafagia paa na mfereji wake, lakini kesho yake maji yakawa mekundu tena.

Ningekaa kimya hata kwa hilo, lakini tumemzika mtoto. Ni wa Fidèle, kijana wa hapa. Alizaliwa mzima, akalia mpaka waliokuwa shambani wakamsikia. Hapa mtoto mchanga huonjeshwa maji kwa kijiko, wanasema ndivyo anavyoijua nchi yake. Baada ya siku chache tumbo likamharibika, akakauka kama jani. Bibi Mwamini, nyanya yake Fidèle, hakulia. Alikaa tu karibu na mtungi, kanga kichwani.

Na anayekuja sasa ni dada yangu Véronique. Mtoto wake wa kwanza alimzalia nyumbani, hakuishi. Mama amemtuma hapa kwa ajili yangu. Alimwambia: "Enda kwa mudogo wako, yeye amesoma, atakulinda." Yaya, namlinda kwa kitu gani? Je, nimekosea kipimo cha dawa? Niongeze?

Nashukuru kila ulichonifundisha, hasa kusoma kipima-joto bila kukitikisa kwa mkono unaotetemeka. Mkono bado unatetemeka, lakini nakisoma.

Mdogo wako,
Marcelline

*

Kasongo, Hospitali, 2 Machi 1954

Marcelline mdogo wangu,

Barua yako imefika kwa lori, kamyo ya Bwana Faradji, ikinukia samaki, lakini inasomeka. Kwanza, usiongeze dawa. Pili, pumua.

Ilinikuta natoka Nyangwe kumwona baba. Wewe hujaona kwetu, basi nikupeleke. Baba anategea nyavu pale mdomoni, ambapo kijito chetu cha msitu kinaingia mto Lualaba. Maji ya kijito ni mekundu kama ya Kamilembe yenu, na ya Lualaba ni ya udongo. Yakikutana hayasalimiani. Yanatembea bega kwa bega kama mke na mume waliogombana, kila mmoja upande wake, mpaka kwenye mawe ya mbele ndipo yanapatana. Nilipokuwa mdogo nilipenda kutia mkono mmoja huku na mmoja kule. Udongo wa Lualaba ukiuacha katika ndoo unalala chini. Ule wekundu haulali. Uchuje kwa kitambaa, uungoje wiki nzima, utabaki. Ni kama chai: majani umeyatoa, rangi imeshaingia.

Niliposoma barua yako nikakumbuka chupa ya maji mekundu ya kule niliyorudi nayo safari hii ili kumwonyesha rafiki. Nikampelekea Sista Godeliva. Nikasema, "Kuna mtu mmoja anauliza." Jina lako sikulitaja, ingawa Sista si mjinga. Akachukua glasi mbili, moja ya mvua na moja ya maji yangu ya Nyangwe. Akatia javeli sawasawa katika zote, akaniambia niende kula. Niliporudi akaniambia ninuse. Ya mvua ilinukia kama chumba cha kufulia. Ya kijito haikunukia kitu, na wekundu wake ulikuwa umepauka kidogo.

Akasema: "Unaona, mtoto wangu? Rangi hiyo ni majani ya msitu yaliyoyeyuka. Dawa inakula rangi, na rangi inakula dawa. Wakimalizana, vijidudu vinabaki vinawatazama."

Nilicheka, kisha nikakumbuka mtoto wa Fidèle, nikaacha kucheka.

Kwa hiyo kipimo chako hakina kosa. Kuna mtu anaharibu maji baada yako. Mimi naona hivi: wanawake wako ni wavivu. Wakiumaliza mtungi, badala ya kwenda kwenye tangi wanaurudishia maji ya mto waliyochotea kupikia. Hilo ni jambo la kukomesha kabla Véronique hajazaa. Niachie mimi, wewe ni mpole mno.

Anakupenda,
Anastasie

*

Mitunda, 19 Machi 1954

Yaya Anastasie,

Kufuli limefika.

Lilikuja pamoja na barua ya Sista, na barua ikapewa Zéphirin, katekista wetu, ili aisome mbele ya watu wote baada ya sala. Sauti ya Zéphirin inafika hadi kijitoni. Alisoma kwamba kuna mkono mchafu unaoharibu maji ya wazazi, kwamba mtungi ufungwe kwa mnyororo, na ufunguo akae nao Marcelline peke yake. Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi Mwamini ndiye aliyeinuka kwanza. Akasema, "Basi mukono muchafu unarudi kwao," akakunja mkeka wake. Yeye alikuwa anakaa hapa kumsaidia mjukuu mwingine. Wakamfuata wote. Mama Cécilia aliwasihi mpaka njiani. Leo nyumba ya wazazi haina mtu, nami nina ufunguo shingoni na mtungi uliojaa maji ambayo hakuna wa kuyanywa.

Véronique alikuwa amefika juzi tu. Nilimshika mkono. Akaniambia, "Marcelline, mimi siwezi kuzaa mahali maji inafungwa kama mufungwa wa serikali ya Bulamatari." Amekwenda ng'ambo ya kijito kwa mama mkwe wake. Ni kama mara ya kwanza: nyumba ile ile, kitanda kile kile.

Najua ulitaka kunisaidia. Sikukuomba kufuli.

Marcelline

*

Kasongo, 27 Machi 1954

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na sijui kama nimekaa tangu hapo. Ni mimi. Nilimwambia Sista kwamba wanawake ni wavivu, kwa mdomo wangu huu, na sikumwuliza mtu hata mmoja wa Mitunda. Sista naye hakuniuliza nimejuaje. Leo nilimwonyesha maneno yako. Akasema, "Tumewaandikia kabla ya kuwauliza." Anaomba umwombee radhi, na mimi naomba unisamehe.

Sasa nisikilize, halafu ufanye unavyoona wewe, maana uko huko na mimi siko. Mwulize huyo Bibi. Usimfundishe kwanza, mwulize. Ulisema alikaa karibu na mtungi. Mtu hakai karibu na kitu kisichomhusu.

Na jambo lingine ambalo ningekwambia tangu mwanzo kama nisingependa kuonyesha ujanja wa glasi: kama ni lazima maji yawe mekundu, yachemsheni. Yachemke mpaka yarukeruke. Sista anasema javeli inaogopa rangi, moto hauogopi.

Natamani ningekuwa hapo dirishani nikukonyeze. Lakini hapo hakuna dirisha langu. Utafanya peke yako.

Anastasie

*

Mitunda, 9 Mei 1954

Yaya yangu Anastasie,

Asante. Naandika neno hilo juu kabisa ili hata barua ikilowa njiani libaki.

Siku ile nilipopata barua yako sikula. Nilivuka kijito nikamkuta Bibi Mwamini nyuma ya jiko la mama mkwe wa Véronique, na wanawake wanne au watano, wakimenya mihogo. Véronique alikuwa ameegemea ukuta, tumbo limemtangulia. Bibi akaniona.

"Eh, muke-mwenzangu! Umekuja kufunga na mihogo?"

Wakacheka wote. Unajua nyanya zetu, humwita mjukuu wa kike mke mwenza, na huo ni upendo, lakini siku hiyo ulikuwa na mwiba. Nikavua ufunguo shingoni nikautia ndani ya beseni la mihogo, kwa sababu sikujua pa kuuweka. Nikasema upesi, kabla sauti haijakatika:

"Bibi, harufu ya maji ni mimi. Mimi ndiye natia dawa asubuhi mukiwa mumelala. Muliniuliza nikasema sijui. Nilikuwa najua."

Mama mmoja akapiga makofi.

"Ni wewe? Na sisi tulisema ni wafu wananuka!"

"Mwizi wa asubuhi, kumbe iko mutoto wetu mwenyewe!"

"Na vile anatembea pole-pole, kama anaogopa kukanyaga kivuli!"

Nilicheka nao huku nalia. Bibi Mwamini peke yake hakucheka. Alisema, "Kaa chini. Na mimi niko na yangu."

Yaya, si uvivu. Hakuna aliyetia maji ya mto mtungini. Hapa Mitunda, tangu zamani, maji ya mvua yanatumika kwa kazi moja: kumwosha maiti. Mtu akifa, wanatega vyungu nje au wanaomba kwa jirani aliyetega. Maji ya kunywa ni mekundu, ya Kamilembe. Meupe wanayaita maji yaliyo uchi. Sasa fikiri: misheni inajenga nyumba ya kuzalia, na ndani yake inaweka mtungi mkubwa wa maji ya maiti, wapewe wanawake waliotoka kuzaa. Tena, kwa sababu yangu, yananukia kama hospitali ya Kasongo, ambako babu zao walikwenda wasirudi.

Bibi alisema: "Tungewaambia Masista, wangetucheka. Na tangi waliijenga kwa mapendo, tuliona. Basi hatukukataa maji yao. Minaivalisha nguo tu. Natia gome ya muti, ile inaleta maziwa kwa mama. Naloweka, rangi inatoka, harufu mubaya inakufa. Nikaona: dawa ya wahenga inaua harufu ya maiti. Nikaongeza."

Umeona, Yaya? Mimi nilificha dawa, yeye alificha gome, kila mmoja kwa wema, na vitu vyetu viwili vikapigana ndani ya mtungi mmoja bila sisi kujua.

Nikaomba vikombe viwili. Nilikuwa nimechukua chupa ya javeli mfukoni, nikafanya kama Sista: maji meupe huku, maji ya gome kule, dawa sawasawa. Tukamenya mihogo tukingoja. Mihogo ilipokwisha nikawapa wanuse. Lo, pua zile! Mmoja alichovya yake ndani akapiga chafya, wengine wakasema sasa kikombe hicho ni cha kwake mpaka afe. Lakini walielewa. Kimoja kilinukia, kimoja hapana. Nikawaambia maneno ya Sista kuhusu rangi na dawa zinazolana, na vijidudu vinavyobaki vinatazama.

Bibi Mwamini alinusa kikombe cha gome mara nyingi. Kisha akakiweka chini taratibu, akachukua kisu, akaendelea kumenya maganda ya mihogo iliyokwisha kumenywa.

Tukapatana hivi. Gome halitolewi. Linachemshwa katika chungu kikubwa pamoja na maji ya tangi, mpaka yarukeruke, yakipoa yanakwenda mtungini. Hayo ndiyo ya kunywa, hata kijiko cha mtoto. Maji meupe yenye javeli yanakaa kwenye ndoo, ya kunawa mikono na kufua vitambaa. Mama mmoja alisema, "Ya kunywa ivae nguo, ya kuosha ibaki uchi," na hilo limekuwa neno la Mitunda sasa. Mama Cécilia amekubali. Nimemwandikia Sista kila kitu kuhusu gome na mvua, naye amejibu kwa wema mkubwa, na ameniomba kipande cha gome akione. Kufuli hakuna aliyelitaka tena, ila Zéphirin. Analifungia mbuzi wake anayekula nguo zilizoanikwa.

Na wanawake wamerudi. Véronique alirudi wa kwanza, na mkeka wake kichwani. Alinipita mlangoni akasema, "Maji imetoka kifungo?"

Alizaa mchana, mvua ikipiga manjanja mpaka hatukusikia mtoto akilia. Tuliona mdomo tu umefunguka. Mama Cécilia alinipa nimshike, Yaya, na mkono haukutetemeka. Ni msichana. Wiki zimepita, ananyonya kama mtu mwenye deni, mapaja yana mikunjo. Mama yetu amekuja akamfunua nguo zote ili amtazame, kisha akanikumbatia. Nakushukuru wewe, nazishukuru glasi mbili na hata kufuli, maana bila aibu ile ningekuwa bado naamka gizani na kujificha.

Sasa lililobaki, na hili sikumwandikia Sista.

Jumapili iliyopita Véronique alitangaza jina. Zéphirin alikuwa amependekeza Godeliva, dada akasema hataki mtoto wa kufuli. Akasema mtoto ataitwa Mwamini, kwa sababu Bibi ndiye aliyekesha na chungu kile na kuonja maji kabla ya kila mtu. Hapa mwenye jina lazima ampokee mtoto mikononi na kumpulizia paji la uso, ndipo jina linashika. Watu walikuwa wanangoja uani. Bibi Mwamini akaniita nyuma ya jiko.

Alikuwa amevaa vizuri. Akanishika mikono miwili.

"Muke-mwenza, wewe umesoma. Niambie bila kunihurumia. Mutoto wa Fidèle alionjeshwa maji yangu. Ile yenye gome, kabla hatujaanza kuichemusha. Kama mukono wangu ndio ulimumaliza, sitapokea huyu. Jina langu lisimuguse."

Yaya, mimi sijui. Labda ni gome lililomaliza dawa. Labda ni kimya changu kilichomfanya aongeze gome. Labda ni kijiko, labda ni kitu kingine ambacho hata Sista hangekiona. Hakuna wa kutuambia sasa. Umenijua tangu utoto wa shule, sijawahi kusema jambo nisilolijua. Nilikuwa nanyamaza.

Nilimtazama machoni nikasema, "Siyo mukono wako, Bibi. Yule alikuja na ugonjwa wake. Mama Cécilia aliuona siku ya kwanza."

Akauliza, "Aliuona?"

Nikasema, "Aliuona."

Akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Akafunga kanga yake upya, akatoka uani, akampokea mtoto, akampulizia. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilibaki nyuma ya jiko.

Jioni nilimwendea Mama Cécilia nikamwomba, akiulizwa, aseme aliuona. Alinitazama sana, kisha akaendelea kukunja vitambaa. Alisema tu, "Mimi naona mambo mengi siku ya kwanza."

Kama nimekosa, nitaungama mwenyewe siku nitakayoweza. Lakini wewe, nakuomba kwa machozi, usimsomee Sista ukurasa huu. Yeye anapenda ukweli, naye angeuleta kwa kamyo, na Zéphirin angeusoma baada ya sala. Akikuuliza Marcelline ameandika nini, mwambie mtoto hajambo, anaitwa Mwamini, na kwamba nimemsalimu.

Mdogo wako akushukuruye,
Marcelline